Usikimbilie "prove"

Wachina ninaowafundisha Kiingereza jioni hapa Kirumba, Mwanza, wanapenda mno kitenzi "prove". Kila dai, hata dogo, "prove". Nawaelewa: kwao zhèngmíng ni kuthibitisha, na ni hata barua ya uthibitisho ya ofisini. Lakini Kiingereza kina ngazi. "Suggest" ni dalili tu, "show" hutaka ushahidi unaoonekana, "prove" haiachi shaka.

Juzi tulitumia samaki wetu. Sangara aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, wakapungua vibaya miaka ya 1980. Je, sangara ndiye aliyewamaliza? Kwa tarehe hizo peke yake, andika "suggest". Furu wakikutwa tumboni mwa sangara, andika "support", yaani ushahidi unaliunga mkono dai. "Prove" bado, jamani! Maji nayo yalikuwa yakichafuka wakati huohuo, majitaka na mbolea vikiingia ziwani.