Mashine ya Kibuye

Mashine yangu ya kuchomelea ingekuwa imeshavunjwa na kuuzwa kwa kilo kama si marufuku ya vyuma chakavu. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara hiyo kwa sababu ya watu waliokuwa wakihujumu minara na nyaya za stima, na haikufunguliwa tena hadi Mei. Kijana niliyemkuta nayo soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili moja ya katikati ya miezi hiyo, aliniambia wazi: mtu wa mizani hanunui, na yeye amechoka kuihamisha kila wiki. Tukapatana elfu mbili na mia tano. Akanisaidia kuifunga nyuma ya bodaboda, nikaenda nayo nyumbani, mtaa wa Manyatta.

Ilikuwa ile aina ya zamani ya transfoma, ndogo, ya mtu wa kujifanyia kazi zake nyumbani. Ndani hakuna bodi ya elektroniki wala vitaa. Kuna chuma kizito katikati, koili ya kuingiza stima, koili nene ya kutolea moto, feni, swichi, na mkono wa mbele unaozungushwa kuongeza au kupunguza ampea. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na kuchomelea nilikuwa nimejifunza kwa kusimama karakanani likizo baada ya likizo. Nilitaka mashine ya kwangu. Kuunganisha vyuma viwili vikawa kimoja ni kazi inayonifurahisha mpaka leo.

Nilipoiwasha ilinguruma kama kinu cha posho. Rodi ya kuchomelea ikigusa chuma, cheche mbili tatu, kisha kimya, na harufu ya vanishi iliyoungua.

Shemeji, ambaye anajua vitu vya stima, alisimama mlangoni akasikiliza.

"Shemeji, hapo umenunua uzito. Iweke chini ya kitanda, marufuku ikiisha utoe shaba uuze. Ongeza pesa kidogo ununue inverta, hizi mashine mpya za elektroniki."

Hakuwa anabahatisha. Waya wa koili umepakwa vanishi ili mizunguko isigusane. Vanishi ikiungua, mizunguko miwili ikishikana, inakuwa saketi yake yenyewe ndani ya koili: inavuta stima, inapata joto na kunguruma hata kama hujachomelea chochote. Dawa yake ni kuvua koili yote na kuvingirisha upya, na waya wa shaba wa kazi hiyo, pamoja na mkono wa fundi, ungefika karibu bei ya inverta ndogo mpya. Kwa hesabu hiyo nisingekuwa na la kujadili. Inverta ni nyepesi, unaibeba begani, na moto wake umetulia.

Lakini hesabu hiyo ilisimama juu ya jambo moja ambalo hakuna aliyekuwa amelipima, kwamba koili imekufa. Nikaipeleka kwa mzee mmoja wa jua kali karibu na soko, anayevingirisha mota za pampu na za vinu.

Aliichomoa, akafungua kifuniko, akapuliza vumbi. Kwanza akachukua wembe akakwaruza kila koili mahali padogo. Ya kuingiza ilitoa rangi nyekundu, shaba. Ile nene ikang'aa nyeupe, alumini. Akashika mita, akapima kati ya koili na chuma cha katikati: hakuna njia. Stima haikuwa inavuja kwenda kwenye mwili wa mashine. Kisha akaiwasha ikiwa wazi, ikanguruma vilevile, na mimi moyo ukaanza kudunda. Mzee akachukua kipande cha mti mkavu, akakandamiza kile kipande cha chuma kinachosukumwa na mkono wa ampea, kinachoingia na kutoka katikati ya koili. Mngurumo ukakatika. Akaondoa mti, ukarudi. Akakandamiza, ukakatika.

"Mwalimu, hiyo si koili inalia. Ni hii chuma imelegea, inacheza kwa nyumba yake."

Nilimwomba anipe ule mti nijaribu mwenyewe.

Hata hivyo hakunipa jibu papo hapo, na ndiyo sababu namheshimu. Alizungushia mita ya kubana kwenye waya mmoja wa kuingiza stima, ikasoma ampea mbili na kidogo bila kazi yoyote. Kwenye holda, kile kishikio cha rodi, tukapata volti 50. Akaiacha ikiwaka bure huku akimalizia mota ya mtu mwingine. Baada ya nusu saa hivi aliizima, akachomoa plagi, akaniambia niweke kiganja juu ya koili ya shaba. Ilikuwa vuguvugu tu. Koili yenye mizunguko iliyoshikana isingeniruhusu kuacha mkono pale.

Na ile harufu? Ilitoka kwenye boliti ya kutolea moto, pale waya wa alumini unapobanwa. Alumini ikikaa hewani hujifunika utando usiopitisha stima vizuri. Kiungo kikilegea kidogo, joto linaongezeka, utando unazidi, mpaka panakuwa peusi kabisa. Vanishi ya inchi moja ya mwisho ilikuwa imekuwa mkaa. Kwingine kote ilikuwa ya hudhurungi, ngumu, imeshika.

Hapo nikaamua itengenezwe. Si kwa huruma ya kitu cha zamani. Ubovu ulikuwa nje ya koili, na kila sehemu ya ule ubovu ningeweza kuiona kwa jicho na kuifikia kwa spana. Inverta ikizima, mimi nabaki natazama bodi.

Mzee alikata ile sehemu iliyoungua, akapiga tupa mpaka alumini ikang'aa, akaipaka vaselini saa hiyohiyo kabla hewa haijaishika, akabana kwa boliti mpya na washa ya springi. Kile chuma kilicholegea akakiwekea bati jembamba ubavuni. Pesa aliyoniambia haikufika elfu moja.

Tulijaribu palepale kwa rodi za geji 12 kwenye vipande vya engo, vyuma vya pembe. Mshono wa kwanza ulikuwa wangu. Mzee akaugonga kwa nyundo, ganda likaruka, akaugeuza kuutazama upande wa nyuma.

Kazi ya kwanza ya kweli ilikuwa grili ya dirisha la jikoni kwa mama, Siaya. Nyumbani Manyatta nilikubaliana na majirani nichomelee Jumamosi mchana, maana kila nikigusisha rodi taa za ploti nzima zinafifia. Na haipendi kuharakishwa: kibati chake kinasema asilimia 10 kwenye ampea za juu, yaani dakika moja ya moto, tisa za kupumzika. Nikipata kazi nene ya kutaka geji 10, rodi nene zaidi, mfululizo, naipeleka kwa mzee tufanye na mashine yake.