Pweza wangu wa Moshi na mzani wa nusu kilo

Kila jioni nawasha jiko karibu na soko la Mbuyuni, Moshi mjini. Nauza supu ya pweza, na vipande vya kuchovya kwenye pilipili. Mchagga kuuza pweza peke yake ni kichekesho. Mama yangu mzazi mpaka leo akipita hapo hugeuza uso asione ile mikia kwenye sinia. Wateja wa mwanzo walikuwa watu wa Tanga wanaofanya kazi huku na madereva wa malori. Baadaye wakaja ndugu zangu wa Kibosho na Marangu waliosikia kwamba supu ile inampa mwanamume nguvu. Sijawahi kusema ni kweli, na sijawahi kukanusha.

Mzigo wangu hutoka vijiji vya Mkinga, kaskazini ya Tanga. Zamani mambo yalikuwa mepesi: natuma hela kwa simu, madeli mawili ya barafu yanapakiwa kwenye basi asubuhi, alasiri nayapokea stendi. Sikuwahi kumwona mvuvi wala kuuliza pweza wamepatikanaje. Nilinunua kwa fungu, na fungu likiwa na wadogo wengi nilifurahi, maana wadogo huiva haraka na mkaa hauishi.

Siku moja nikapigiwa na konda, ambaye huniita Mangi kama Wachagga wengi wanavyoitwa. "Mangi, mzigo wako umeshushwa. Njoo mwenyewe."

Nilikwenda mpaka kwenye kizuizi walikouzuia, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuta pweza wangu wametandazwa juu ya turubai la bluu, na ofisa mmoja kijana wa uvuvi amening'iniza mzani wa ndoano kwenye tawi la mwarobaini. Anamchukua mmoja, anamtundika, anasoma kwa sauti, mwenzake anaandika. Gramu 310. Gramu 280. Gramu 420. Huyu 540, mweke kule. Gramu 350. Rundo la kushoto likawa kubwa kuliko la kulia.

Akaniuliza leseni. Nikatoa ile ya chakula niliyokatiwa na manispaa. Akasema hiyo ni ya kuuza supu, anataka ya biashara ya mazao ya uvuvi. Sina. Kibali cha kusafirisha kutoka mzigo ulikotoka? Sina. Nikaanza yale maneno niliyoyapanga njiani: mimi si mvuvi, mimi ni mnunuzi tu, hata bahari yenyewe sijaiona tangu mwaka juzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndiyo maana nakuuliza wewe. Huyu pweza hawezi kunijibu."

Nilipigwa faini, wadogo wakachukuliwa, nikaruhusiwa kuondoka na wale wakubwa ambao barafu yao ilishakuwa maji. Waswahili wa pwani wana usemi kwamba pweza akiwekwa motoni hujipalia makaa mwenyewe. Hilo lilikuwa mimi.

Kwa wiki nzima nilinung'unika kwamba nimeonewa. Mteja mmoja, mwalimu mstaafu, akanikumbusha ya Juni 2018, pale maofisa wa wizara walipoingia na rula kwenye mgahawa wa Bunge, Dodoma, wakapima samaki wa kuliwa na waheshimiwa, na mwenye huduma akatozwa faini. Nchi nzima ilicheka. "Sasa kama rula ilifika Bungeni," mwalimu akasema, "wewe wa Mbuyuni ni nani?" Alikuwa na hoja. Dodoma haina bahari wala ziwa lenye sangara, lakini sheria ilimfuata samaki mpaka kwenye sahani.

Basi nikaenda kumtafuta afisa uvuvi hapa hapa Kilimanjaro. Wengi hawajui kama yupo. Yupo, kwa sababu tuna Bwawa la Nyumba ya Mungu na mabwawa ya watu binafsi ya kufugia samaki, na kwa sababu samaki wa bahari na wa Mwanza wanauzwa hapa kila siku. Nilimkuta mama wa makamo, mpole. Nikamwamkia, nikamweleza yote bila kuficha, hata ile habari ya kupenda wadogo. Akatabasamu, akasema kwanza nielewe ninachouza, karatasi zitafuata.

Alinieleza hivi. Sheria ya Uvuvi ni Na. 22 ya mwaka 2003, na kanuni zake za mwaka 2009 ndizo zinazokataza pweza wa chini ya gramu 500. Na hiyo nusu kilo, akasema, ni huruma tu. Pweza wa miamba yetu huishi mwaka mmoja na kidogo. Jike hutaga mara moja tu katika maisha yake: hujifungia pangoni, huacha kula, huyalinda mayai mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Hana uzazi wa pili. Na jike wengi huwa tayari kutaga wakiwa wamezidi nusu kilo kwa mbali. Kwa hiyo yule wa gramu 300 niliyekuwa namfurahia ni mtoto kabisa, na kwa jinsi pweza anavyokua upesi, ukimwacha wiki chache tu unamkuta amekuwa pweza wa kueleweka.

Hapo nilinyamaza. Nilikuwa nanunua gramu 300 leo badala ya kumwacha afike kilo nzima, halafu nashangaa kwa nini bei inapanda kila mwaka.

Leseni haikunisumbua sana. Ulikuwa ni usumbufu wa kawaida wa fomu, namba ya mlipakodi, kulipa kwa namba ya malipo, kurudi kesho. Nikaipata. Kazi ilikuwa kwenye kibali cha kusafirishia, kwa sababu hicho hutolewa kule mzigo unakotoka, kila safari na kibali chake, baada ya mzigo kukaguliwa. Nikaona hakuna namna, lazima niende Mkinga.

Mama aliyekuwa ananitumia mzigo nilimjua kwa sauti ya simu tu. Nilipofika nilimkuta ni mtu mzima, bibi wa wajukuu. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Kumbe Mangi mwenyewe ndiye huyu, mwembamba!" Kesho yake alfajiri akanichukua mwambani.

Yalikuwa maji ya bamvua. Kwa wasiojua, bamvua ni siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapokupwa sana na mwamba kubaki wazi. Siku nyingine ni maji mafu, mwamba haufunuki vizuri, na akina mama hawawezi kuchokoa pweza kwenye matundu. Wanaume huzamia kwa miwani hata maji mafu, ila kuzamia kwa mitungi ya hewa ili kuvua kumekatazwa.

Tulitembea, maji ya magoti, yeye mbele na mkonjo wake, yaani fimbo ya kuchokolea pweza. Mimi nilikuwa naona mawe matupu. Yeye alisimama penye tundu dogo akanionyesha maganda ya kaa na ya kombe yaliyorundikana mlangoni. "Huyu yumo. Takataka zake hizi." Akaingiza mkonjo taratibu, akauzungusha, mara mkono mmoja ukatoka ukaushika mti, wa pili, wa tatu. Akamvuta. Alikuwa mdogo, kama wale wa kwenye turubai. Nikamuuliza kama atamwachia.

Jibu lake bado ninalo kichwani. "Nikimwacha mimi, mwenzangu atampitia kesho. Na wewe Mangi ulikuwa ukimnunua."

Hakuna afisa aliyewahi kuniambia neno zito kama hilo. Mtu mmoja peke yake hawezi kuitii kanuni ya uzito mwambani. Ukiitii peke yako umejinyima kitoweo tu. Na aliyemfanya yule mama achukue wadogo ni mimi, na wanunuzi kama mimi, tuliokuwa tunalipa bei moja kwa fungu bila kujali nani yumo. Faini yangu niliiona kubwa, lakini tangu siku ile sijasema tena kwamba nilionewa.

Tulikaa na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha kijiji kinachosimamia rasilimali za uvuvi. Mimi sikuwa na la kuwafundisha, kanuni walikuwa wanazijua kuliko mimi. Nilichokuwa nacho ni bei. Nikasema kuanzia sasa sinunui fungu. Nanunua kwa kilo, pweza mmoja mmoja juu ya mzani, na wa chini ya gramu 700 sichukui kabisa. Nilipandisha mpaka huo juu ya sheria kwa makusudi: pweza hutoa maji njiani, na sitaki kubishana na mzani wa barabarani kwa gramu ishirini. Bei ya kilo nikaiweka juu ya ile ya wachuuzi wengine. Mzee mmoja akauliza: sawa, lakini mwambani mzani utabebwa na nani?

Hapo nilitoa mchango wangu pekee wa kitaalamu. Chupa ya maji ya nusu lita ikijaa, maji yake yana uzito wa nusu kilo. Tukachukua fimbo, tukaifunga kamba katikati, chupa upande huu, pweza upande ule. Chupa ikishuka, pweza hajafika hata mpaka wa sheria, achilia mbali wangu, anarudishwa pangoni. Walicheka sana, watoto wakaanza kupima kandambili. Lakini bamvua lililofuata akina mama wawili walikwenda nayo, na siku hizi wengi wanakadiria kwa mkono tu, chupa ni ya kumaliza ubishi.

Nisidanganye kwamba mambo yalinyooka. Vibali vilinitesa miezi kadhaa kwa sababu ya kijinga: bamvua halijui Jumamosi. Mwezi ukiandama Ijumaa jioni, pweza wanapatikana siku mbili za mapumziko, afisa wa kusaini hayupo, na barafu haisubiri Jumatatu. Niliwahi kuuza mzigo mzima kwa bei ya hasara Tanga mjini kuliko kuusafirisha bila karatasi. Dawa niliipata kwa yule bibi. Nilinunua kalenda ya Kiislamu nikaitundika pembeni ya ile ya parokia, nikaanza kuhesabu: tarehe moja mpaka nne, na kumi na nne mpaka kumi na nane, ndizo siku zangu. Namtaarifu afisa wa kule wiki moja kabla, naye akijua kuna mzigo hupanga awepo mtu wa kukagua. Paroko alipokuja kubariki nyumba aliitazama ile kalenda akanitazama mimi. Nikamwambia, "Baba, ni ya pweza."

Kisha likaja la kufunga mwamba. Kijiji kiliamua sehemu ya mwamba wao ifungwe miezi mitatu, asiguse mtu. Afisa wetu wa huku aliniambia mtindo huo ulijulikana sana kutoka Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004, na umeshafanyika Pemba na Songo Songo. Mimi nilichosikia ni "miezi mitatu". Sehemu zilizobaki wazi hazikutosha, na sikutaka kurudi kwa watu wa mafungu. Nikauza supu ya perege wa Nyumba ya Mungu. Wateja walilalamika kwamba perege hana kazi. Mapato yalishuka karibu nusu, kijana wangu wa kuosha vyombo nikamwomba apumzike.

Siku ya kufungua nilikuwepo. Pweza wa kilo mbili, wa kilo tatu, wengine mkono mmoja unene wa mpini wa jembe. Lakini pia kulikuwa na watu ambao kijiji hakikuwajua, waliokuja kwa mitumbwi kutoka kwingine, na wachuuzi wenye magari. Kwa siku mbili mwamba ulikombwa, bei ikaanguka, na wale waliovumilia miezi mitatu wakauza rahisi. Kwa maoni yangu, kufunga bila kupanga ufunguzi ni kuwawekea wageni akiba. Walipofunga mara ya pili BMU iliandikisha majina ya watakaoingia siku ya kwanza, na wanunuzi tukatakiwa kutaja bei mapema. Mambo yakawa na nafuu, ingawa bado kuna wanaoingia usiku na tochi.

Sasa mzani nimeuleta hata hapa Mbuyuni, unaning'inia juu ya jiko. Wiki iliyopita alikuja kijana na ndoo ya pweza waliokwisha chemshwa, bei ya kutupa. Waliochemshwa ndio ujanja wenyewe, maana pweza akichemka hunywea sana na huwezi tena kujua alikuwa na uzito gani. Nikamwambia mimi nanunua mbichi tu, mwenye kibali. Akaniambia huku ni Moshi, nani atajua. Nilitaka kumjibu kwa yale maneno ya ofisa wa chini ya mwarobaini, lakini alikuwa ameshageuka kwenda kwa jirani yangu wa mishikaki, ambaye, nasikitika kusema, alinunua nusu ndoo.

Jana usiku bibi alinipigia. Ana mafua, sauti imekauka, ila hesabu zake hazijakauka: "Mangi, Jumatano ni mwezi kumi na nne. Afisa nimeshamwambia. Wewe tuma hela ya barafu."

Nimetuma.