Mishumaa mitatu ndani ya beseni

Mwaka wa shule ulioanza Septemba 2019 ulikuja na msongamano. Serikali ya Kongo ilikuwa imetangaza masomo ya msingi kuwa bure katika shule za umma, na darasa langu la sita, huku Keshero, magharibi mwa Goma, lilijaa mpaka benchi la wawili likakaliwa na wanne. Ebola ilikuwa bado haijaisha Kivu ya Kaskazini, kwa hiyo langoni kulikuwa na ndoo ya maji ya javeli, dawa ya klorini ya kuua vijidudu, na kila anayeingia ananawa kwanza. Katika hali hiyo tukafika kwenye somo la hewa na gesi.

Watoto walilikariri upesi. Ukiuliza gesi kaboniki, yaani kaboni dioksidi, ni nini, darasa zima linajibu kwa Kifaransa bila kukwama: haina rangi, haina harufu, inazima moto, ni nzito kuliko hewa. Kisha asubuhi moja mvulana wa benchi la nyuma akaja amechelewa, macho mekundu, akasema mbuzi wao wawili wamekutwa wamekufa katika kibonde nyuma ya shamba.

"Ni mazuku, Mwalimu."

Hapa kwetu hakuna mtoto asiyejua mazuku. Ukishika njia ya Sake, katikati ya mawe ya volkano kuna mashimo na vibonde ambamo mnyama anaingia na hatoki. Unakuta ndege, nyoka, mbwa, wamelala bila jeraha lolote. Lakini watoto wale wale waliokariri sifa za gesi kaboniki hawakuwa wameona kwamba wanazungumzia kitu kimoja. Mmoja alisema ni uchawi wa jirani. Mwingine bibi yake alikuwa amemwambia ni mizimu inadai chakula. Na mvulana mwenyewe akauliza jambo lililonikosesha usingizi: "Baba aliingia kuwatoa. Mbona yeye hakufa?"

Swali kama hilo chaki haiwezi kulijibu. Jioni nilipita sokoni Birere nikanunua siki, bikabonati na mishumaa. Direkta, mkuu wetu wa shule, mtu mwema aliyependa kusaidia, alinipa ndoo ya langoni nifanyie jaribio. Nilimshukuru nikaikataa, maana javeli ikikutana na siki inatoa gesi ya sumu inayochoma mapafu, na sikutaka hata tone lake karibu na watoto. Mama mmoja muuza mandazi aliniazima beseni lake refu la kukandia unga.

Ndani ya beseni nilisimamisha mishumaa mitatu: mmoja chini kabisa, wa pili juu ya kopo la nyanya, wa tatu juu ya mawe niliyoyapanga mpaka ukakaribia ukingo. Nikanyunyiza bikabonati chini, maana ikikutana na siki inatoa gesi kaboniki. Darasa letu ni la mbao, na upepo wa ziwa unapita kwenye nyufa, kwa hiyo niliwaomba watoto wasimame wamebanana, bega kwa bega, kulizunguka beseni. Nikawasha. Nikamimina siki polepole pembeni.

Povu lilipanda, likashuka. Kwa muda hakuna kilichotokea. Halafu mwali wa chini ukaanza kuwa mwembamba, ukainuka kidogo kutoka kwenye utambi kama unaotaka kuondoka, ukazimika. Moshi wake haukupanda juu kama tulivyozoea. Ulilala katikati ya beseni, ukatandaa bapa juu ya kitu tusichokiona, kama utando juu ya maziwa. Watoto walinyamaza kabisa. Nikaongeza siki. Mshumaa wa kopo ukafuata. Ule wa juu uliendelea kuwaka bila wasiwasi.

Mvulana wa mbuzi ndiye aliyesema kwanza, na hakusema kwa kukariri. "Baba ni ule wa juu. Mbuzi ni ule wa chini."

Nadhani sijawahi kufurahi hivyo darasani. Baada ya hapo maneno yalikuja yenyewe. Niliwaambia kwamba gesi ile ina uzito wa karibu mara moja na nusu ya hewa, ndiyo maana inajaa bondeni kama maji. Kwamba ile ya mazuku inatoka chini ya ardhi, kwenye moto uleule unaolisha volkano ya Nyiragongo, inapanda kupitia nyufa za mawe. Kwamba ikifika sehemu moja kati ya kumi ya hewa unayoivuta, unaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Msichana mmoja aliuliza upepo ukivuma mazuku inakwenda wapi. Badala ya kumjibu nikawaambia wenzake wa upande wa dirisha waondoke. Upepo ukaingia. Nilipowasha tena mshumaa wa chini, uliwaka. Akaeleza mwenyewe kwa nini wanyama wengi hukutwa asubuhi: usiku upepo umetulia, na gesi imekusanyika bila wa kuitawanya.

Kesho yake baba wa yule mvulana alikuja shuleni na chukudu yake, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, akaiegemeza ukutani.

"Mwalimu, mtoto amenieleza habari ya mishumaa. Nilipoinama kufunga kamba kwenye mguu wa mbuzi, kifua kilibana, kichwa kikazunguka. Nilikimbia. Nikadhani ni hofu."

"Hapana, Papa. Kuinama ndiko kungekuua. Hata akianguka mtu mle, usishuke kumwinua. Mvute kwa kamba ukiwa juu."

Alitikisa kichwa kwa muda, kisha akauliza kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. Nyumba yake iko chini ya lile shamba, na chumba cha nyuma kimechimbwa ndani ya mteremko, sakafu ni mawe matupu yenye nyufa. "Wadogo wanalala chini, kwenye mkeka. Hao je?"

Kabla sijafungua mdomo, mtoto wake akamjibu: "Wa chini ndiye anazimika kwanza, Papa."

Mzee hakungoja kitanda wala fundi. Usiku huo watoto walilala kwa baba yao mkubwa, juu ya barabara, na chumba kile kikaachwa wazi, mlango na dirisha. Asubuhi alikwenda kwa watu wa OVG, wanaochunguza volkano hapa mjini, kuwaomba waje kupima. Kibonde chenyewe alikizungushia mawe na matawi ya mikaratusi, akafunga kitambaa chekundu juu ya mti. Majirani walipouliza, aliwatuma kwa mwanawe, na jumamosi ile mvulana alikuja kwangu kuomba beseni, kopo la nyanya na mishumaa iliyobaki.