Ubao unapokataa hatua, useme kwa nini: nilivyorekebisha tovuti ya sataranji kwa wachezaji wapya

Mchezaji mpya akivuta kete nayo ikarudi ilipokuwa bila neno lolote, hafikirii kwamba amekosea sheria. Anaona tovuti ni mbovu. Anavuta tena, inarudi tena, kisha anafunga ukurasa. Nilipopewa kiolesura cha tovuti ya sataranji nikirekebishe kwa ajili ya watu kama hao, nilidhani nitashughulika zaidi na rangi na vitufe. Kumbe kazi kubwa ilikuwa kuufanya ubao useme sababu kila unapokataa.

Hatua zilihakikiwa na chess.js, maktaba ya programu inayojua sheria za sataranji. Maktaba hiyo hutoa hatua halali tu. Ukiipa hatua isiyo halali, matoleo ya zamani hurudisha null, yaani jibu tupu. Kuanzia toleo la 1 hurusha kosa, na usipolidaka mchezo unaganda. Kwa vyovyote haisemi sababu. Nikaandika kando kitendakazi kidogo (kipande cha programu) kinachojua jambo moja tu: kila kete hutembeaje, bila kujali usalama wa mfalme. Kisha nikapanga maswali. Ni zamu ya mchezaji huyu? Kete hii hutembea hivyo, na njia iko wazi? Kama majibu yote ni ndiyo na bado chess.js inakataa, basi tatizo ni mfalme, na hapo kuna hali tatu: mfalme alikuwa tayari kwenye cheki (anashambuliwa) na hatua haimwokoi, mfalme mwenyewe anaingia kwenye mraba unaoshambuliwa, au kete inayosogezwa ndiyo iliyokuwa ikimkinga. Hatua ya mfalme kuhama miraba miwili pamoja na ngome inahitaji ukaguzi wake peke yake, kwa sababu sheria zake ni nyingi: mfalme na ngome wasiwe wamewahi kusogea, pasiwe na kete kati yao, na mfalme asiwe kwenye cheki wala asipite au kutua kwenye mraba unaoshambuliwa.

Ujumbe uwe mfupi na utaje kete yenyewe: “Mfalme wako anashambuliwa na askofu wa b4. Mhamishe, mkinge, au mle askofu.” Wengi wanaoanza wanajua njia ya kwanza tu, ndiyo maana nazitaja zote zinazowezekana katika hali ile. Akishambuliwa na farasi, neno “mkinge” linaondolewa, maana farasi huruka na hazuiliki. Pamoja na maneno nilichora mshale mwekundu kutoka kwa mshambuliaji hadi kwa mfalme, na mshale ulisaidia kuliko sentensi. Toleo la kwanza lilifungua kidirisha katikati ya skrini, nalo lilikuwa kosa: lilifunika ubao huku saa ikihesabu. Sasa ujumbe hukaa mstari mmoja chini ya ubao, na mshale hubaki hadi mguso unaofuata.

Vitone vya kuonyesha mahali kete inapoweza kwenda tulikuwa navyo tayari. Kete inayoweza kuliwa nikaizungushia duara, ili tofauti isitegemee rangi peke yake. Lakini vitone vina ukimya wao. Mwanzoni mwa mchezo kila upande una hatua 20: 16 za askari na 4 za farasi. Maana yake, kati ya kete 8 za mstari wa nyuma, 6 haziwezi kusogea, na mtu mpya hupenda kugusa malkia kwanza. Anagusa, hapati kitone hata kimoja. Kwa hiyo kete isiyo na hatua nayo hujieleza: “Malkia amezibwa na kete zako. Sogeza askari aliye mbele yake.”

Ubao pia unatakiwa kueleza matukio halali yanayofanana na hitilafu. Askari anapoliwa kwa en passant (amesogea miraba miwili akatua kando ya askari wa mpinzani, naye anamla kana kwamba alisogea mmoja tu), anayeliwa hayuko kwenye mraba ambao mlaji anatua, kwa hiyo aliyempoteza huamini amedhulumiwa. Hapo ninaonyesha kwanza njia aliyopita askari huyo, mraba kwa mraba, ndipo anaondolewa. Sare ya kukosa hatua inauma zaidi. Mweupe ana malkia c7, mfalme mweusi yuko a8 peke yake, na ni zamu ya mweusi: a7, b7 na b8 zote zinashambuliwa, ila a8 haishambuliwi. Mweupe anasubiri kupongezwa, tovuti inamwandikia “Sare”. Neno hilo moja halitoshi. Sasa tunaandika kwamba mweusi hana hatua halali na hayuko kwenye cheki, na miraba hiyo mitatu inapakwa rangi yenye mishale kutoka kwa malkia.

Kwenye simu tatizo ni vidole. Skrini ya upana wa pikseli 360 ikiwa na ukingo wa 16 kila upande huacha 328, yaani 41 kwa kila mraba. Nilipoondoa ukingo, mraba ukawa 45, na hivyo ukavuka 44 zinazotakiwa na WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zifikike na watu wote, katika ngazi yake ya juu, AAA. Kidole hakitulii kama kipanya: mguso wa kawaida huteleza pikseli chache, na programu ikausoma kama kuvuta. Nilipandisha kizingiti cha kuvuta kutoka pikseli 3 hadi 10, na kete zikaacha kurudi ovyo. Kuweka kanuni ya CSS touch-action: none kwenye ubao huzuia ukurasa kuteleza wakati wa kuvuta, lakini acha nafasi chini ya ubao, la sivyo mtu hawezi kuteremsha ukurasa kabisa.

Mpinzani wa kwanza awe dhaifu kweli. Katika Stockfish 16, programu inayocheza sataranji, UCI_Elo (mpangilio wa kupunguza kiwango chake) haishuki chini ya 1320, nguvu kubwa mno kwa aliyejifunza leo. Ninaiomba hatua kadhaa bora kwa mpangilio wa MultiPV, nachagua mojawapo kwa bahati nasibu, na kutupa tu zinazopoteza zaidi ya thamani ya askari watatu. Hatua za nasibu tupu sizipendi. Mpinzani anayetoa malkia bure hafundishi kitu.

Mishale ya kuonya kwamba kete yako iko hatarini ipo kwenye michezo dhidi ya kompyuta tu. Kumweleza mtu sheria mbele ya mpinzani halisi ni haki. Kumwonyesha hatari ni kucheza kwa niaba yake.

Upangaji wa wapinzani ulibaki Glicko-2, mfumo wa kukadiria uwezo wa mchezaji kwa alama, ambao kwa kawaida humwanzisha kila mtu na 1500. Mgeni alikuwa akipangiwa wazoefu na kushindwa mfululizo. Sasa tunauliza swali moja anapojiandikisha: hujui kete zinavyotembea, unajua sheria, au umecheza sana? Anaanza na 600, 1000 au 1500. Mkengeuko wake, yaani kipimo cha jinsi mfumo usivyo na uhakika na alama zake, tuliuacha 350. Tulipojaribu kuupunguza, aliyejikadiria chini alikaa muda mrefu akiwafunga wageni, kwa sababu alama zake zilipanda polepole.