Mbao Iliyopigwa Chapa

Redio iliyoletwa kwa mjomba wangu majira yale ya baridi ilikuwa Philco ya mezani ambayo namba ya modeli yake ilianza na 39, na kwa desturi ya kampuni ile tarakimu hizo zilimaanisha msimu wa mauzo wa 1939. Haikuwa imesafiri mbali tangu itoke kiwandani, kwa sababu Philco ilikuwa kampuni ya Philadelphia, na sisi tulikuwa tunaishi Philadelphia. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1892 kwa jina la Helios, ikaishi kwa kuuza betri kwa miaka mingi, ikaingia katika redio mwaka 1928, na haukupita muda ikawa inauza redio nyingi kuliko mshindani wake yeyote nchini Marekani. Mjomba aliijua historia hiyo kwa undani. Alikuwa afisa wa redio melini kabla ya kuhamia nchi kavu, na alipostaafu aligeuza ghorofa ya chini ya nyumba yake, ile iliyo nusu ardhini, kuwa karakana ya redio za valvu, zile za zamani zinazofanya kazi kwa taa za kioo. Kwa kuwa mimi nilikulia katika karakana ya useremala ya baba yangu huko Tanga, tuligawana kazi tangu mwanzo: umeme ulikuwa wake, makasha yalikuwa yangu.

Mwenye redio alikuwa bibi mzaliwa wa mji huohuo, ambaye baba yake aliinunua ikiwa mpya. Kwa miaka mingi ilikaa karibu na dirisha la sebuleni, na juu yake likawekwa chungu la maua. Jua lilikuwa limeufifisha upande mmoja hadi ukawa na rangi ya chai ya maziwa, na maji ya chungu yalikuwa yamekula sehemu kubwa ya juu ya kasha, yakaacha duara la mbao tupu, nyeupe, iliyochachamaa. Kwetu pwani redio ya namna ile ingevikwa kitambaa cha kutarizi, na sijawahi kuona kinga bora kuliko hiyo.

Duara lile jeupe ndilo lililomshangaza bibi. Alikuwa ameamini maisha yake yote kwamba redio ya baba yake ilitengenezwa kwa mbao za mti wa jozi, kwa kuwa ilikuwa na michirizi myeusi ya jozi, na katikati ya sehemu ya juu ulipita mkanda wa mafundo yaliyojikunja, kama yale yanayopatikana penye uvimbe wa shina. Sasa aliona kwamba chini ya uzuri huo kulikuwa na mbao rahisi isiyo na umbo lolote la kuvutia. Mwanawe, aliyekuja naye, alisema kwamba kama ni hivyo basi tupige msasa kasha zima, tubandike vinia, yaani ubao mwembamba sana, ya jozi ya kweli, na redio itakuwa bora kuliko ilivyotoka dukani.

Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwa upole kile alichokuwa anakitazama. Katika miaka ya 1930, wakati Marekani ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, bei za redio zilishuka sana na viwanda vikatafuta kila njia ya kupunguza gharama bila kuyaondoa makasha ya fahari ambayo wanunuzi walikuwa wameyazoea. Vinia ya mafundo ilikuwa ghali, ilipasuka kwa urahisi, na ilikataa kuzunguka kona zenye mviringo. Kwa hiyo walipiga picha ya kipande kizuri cha vinia, wakaichora picha hiyo kwenye chuma kwa vishimo vidogo vidogo vya kushika wino, wakaupokea wino huo kwa rola laini na kuubingirisha juu ya mbao rahisi iliyokwisha kupakwa rangi ya msingi. Njia nyingine ilikuwa kubandika picha iliyochapishwa tayari kwenye utando mwembamba. Juu ya vyote walipuliza laka, aina ya vanishi inayokauka upesi, yenye rangi. Zenith ya Chicago ilifanya hivyo, na watengenezaji wengi wengine pia. Mjomba alimwambia kijana yule kwamba ukibandika vinia ya kweli utapata kasha zuri, lakini hutapata redio aliyoinunua babu yako. Bibi aliukata mjadala kwa kusema kwamba anaitaka ile ya baba yake.

Nilifurahi, ingawa sikuwa na hakika kama kazi hiyo inawezekana. Adui mkubwa wa mbao ya picha ni tina, kimiminika cha kuyeyushia rangi na laka. Picha yote ni utando wa wino usiofikia unene wa karatasi, na kitambaa kimoja chenye tina ya laka huweza kuufuta moja kwa moja, na ukishafutika hakuna msasa wala vanishi ya kuurudisha, kwa sababu chini yake hakuna michirizi yoyote inayongoja kufunuliwa. Kwa mbao halisi, fundi akikwangua tabaka la juu huikuta mbao ileile. Hapa angekuta mbao nyingine kabisa.

Njia ya kwanza tuliyoifikiria ilikuwa kuipiga picha sehemu nzima kwa skana, kuigeuza, na kuichapisha kwenye karatasi ya kuhamishia picha. Wako mafundi wanaofanya hivyo vizuri sana. Lakini upande uliosalia mzima ulikuwa ndio ulioungua na jua, kwa hiyo tungepata picha ya rangi iliyofifia, na sehemu ya juu ilikuwa pana kuliko karatasi ya printa yetu, jambo ambalo lingelazimisha kiungo katikati ya mafundo. Tulikubaliana kwamba nitachora kwa mkono.

Kilichotuokoa ni ukanda mwembamba wa nyuma, upana wa vidole vitatu hivi, ambao chungu na jua havikuufikia. Pale picha ilikuwa imebaki kamili, na rangi yake ilikuwa nzito, kahawia inayoelekea weusi kwenye michirizi na dhahabu chafu katikati yake. Kwa mbele, pale sehemu ya juu inapoinama kuelekea kwenye kioo cha stesheni, picha pia ilikuwa imenusurika. Niliweka karatasi angavu juu ya kasha, nikachora kila mchirizi ulioanzia nyuma na kila uliofika mbele, kisha nikaanza kutafuta upi ni upi. Baadhi ilijieleza yenyewe. Mingine ilipotelea ndani ya duara na kutokea ikiwa miwili, na hapo ilinibidi nitumie nilichofundishwa na baba kuhusu namna mbao inavyokua: mchirizi hauanzi popote unapotaka, bali hulizunguka fundo kama maji yanavyoizunguka nguzo ya gati, ukikaza upande mmoja na kulegea upande wa pili.

Nilipokuwa tayari kuanza, mjomba alinipa kioo cha kukuzia na kunitaka niutazame tena ule ukanda wa nyuma.

"Unaona nini, mwanangu?"

Nikamwambia naona vitundu vya mti wa jozi, vile vistari vifupi vyeusi vinavyofuata mkondo wa mbao.

"Tazama tena, taratibu."

Nikasogeza kioo. Vile vistari havikuwa na kingo. Kila kimoja kilikuwa kimevunjika kuwa nukta za wino, nyingine zimeshikana, nyingine zimeachana, na pale ambapo mti wa kweli ungekuwa na shimo lenye kivuli, hapa palikuwa na doa laini tu lisilo na kina. Hata sehemu nyeusi kabisa hazikuwa nyeusi, kwani rangi ya msingi ilipenya katikati ya nukta na kuzipa joto.

"Sasa usichore mti," alisema. "Chora picha ya mti. Ukichora mti, kazi yako itakuwa nzuri na itaonekana kiraka."

Naamini hilo ndilo jambo gumu kuliko yote katika kazi hii, hasa kwa mtu aliyelelewa na seremala. Mkono unaoujua mninga na mvule hutaka kuweka uhai, utofauti wa mng'ao, kina. Mashine ya mwaka 1938 haikuwa na lolote kati ya hayo. Ilikuwa na ulaini wake, na ulaini huo ndio niliotakiwa kuuheshimu.

Nilisafisha kasha kwa tapentaini, baada ya kuijaribu kwanza kwenye kona iliyojificha, kisha nikazifunika sehemu zote zilizonusurika kwa sheliki nyembamba. Sheliki ni utomvu wa wadudu unaoyeyushwa kwa spiriti, na uzuri wake ni kwamba hukaa baina ya maadui: tapentaini haiigusi, na hushikamana na karibu kila kitu. Sehemu tupu niliijaza, nikaisawazisha kwa msasa laini nikikomea kabla ya ukingo wa picha ya zamani, nikapaka rangi ya msingi. Rangi hiyo niliitafuta ndani ya mkwaruzo uliokuwa pembeni, ambapo wino ulikuwa umetoka na msingi wa kiwandani umebaki: njano iliyozimwa kwa kahawia, rangi ambayo peke yake ni mbaya kabisa na hakuna angeiamini. Juu yake nikapitisha tena sheliki.

Baada ya hapo kazi ikawa ya rangi ya mafuta, udongo wa kahawia mbichi na wa kahawia uliochomwa, iliyolegezwa kwa tapentaini mpaka ikaonyesha kilicho chini yake. Michirizi mirefu niliivuta kwa brashi ambayo nywele zake nilizipunguza kwa mkasi zikawa vishungi vilivyoachana, na kabla haijakauka nikaipapasa kwa brashi pana ya manyoya laini, mara moja kuufuata mkondo na mara moja kuukata, ili kingo zipotee. Mafundo niliyafanya kwa karatasi iliyokunjwakunjwa, nikiibonyeza na kuizungusha kidogo, kisha nikaongeza macho yake kwa ncha ya brashi. Vile vistari vya vitundu niliviacha mwisho, na nilivigonga kwa brashi karibu kavu ili vitoke vikiwa vimevunjika. Kila nilipotazama nikaona mti, niliipangusa sehemu hiyo kwa kitambaa chenye tapentaini na kuanza upya, na sheliki ilisalia chini bila kudhurika. Mjomba alikuwa akishuka ngazi, anatazama kimya, anarudi kwenye kondensa zake. Siku aliyovuta kiti akakaa, nilijua tumefika.

Palibaki suala la taa. Chini ya balbu za karakana kazi yangu na ukanda wa nyuma vilikuwa kitu kimoja, lakini tulipolibeba kasha hadi dirishani, sehemu mpya ikaonekana ya kijani kidogo, kwa sababu laka ya zamani ilikuwa imegeuka manjano kwa umri na rangi zangu hazikuwa zimegeuka. Marekebisho yalifanyika kwenye laka yenyewe, kwa kuitia rangi ya kaharabu kidogo sana. Kuipuliza hakukuwezekana palepale, kwa kuwa mvuke wake unashika moto na tanuri la kupashia nyumba lilikuwa chumba cha pili. Tena laka ikipulizwa katika hewa yenye unyevu hupata ukungu mweupe. Tulingoja siku kavu, tukafungua mlango wa gereji, na nikaipuliza kwa mivuke myepesi inayokauka karibu inapotua, kwani laka ikiloweka picha ya zamani huweza kuikunja.

Ilipokauka vizuri, mjomba aliligeuza kasha juu chini kwenye blanketi na kunipa penseli. Aliniamuru niandike ndani, upande wa chini wa sehemu ya juu, pale ambapo fundi yeyote atakayelifungua lazima apaone: kwamba katikati ya sehemu hii imechorwa kwa mkono, kwamba ukanda wa nyuma na mviringo wa mbele ni picha ya kiwandani, kwamba kati yao kuna sheliki, na kwamba asipitishe tina wala spiriti. Nikauliza kama niandike kwa Kiingereza au kwa Kiswahili.

"Kiingereza kwanza, ili waelewe," alisema. "Kisha Kiswahili, ili wajue ni nani."

Nikaandika vyote viwili, nikatia tarehe, naye akaanza kuirudisha chasi mahali pake, akiniomba nimshikie waya wa spika usije ukabanwa na skrubu.