Krimu ya kopo jeupe na tiba niliyoipata baadaye

Nilipofikisha miaka 52, hedhi ikiwa imekoma kwa mwaka mmoja na miezi miwili, joto lilianza kunipanda usiku kiasi kwamba hata mwezi Julai, upepo wa Dodoma unapowalazimisha watu kujifunika mablanketi mawili, mimi nilifungua dirisha na kubadilisha kanga iliyolowa jasho. Mimi ni mhasibu, na kukosa usingizi kulianza kuonekana kwenye hesabu zangu.

Wifi yangu alinikutanisha na dada aliyeuza krimu ya "homoni asilia" katika kopo jeupe lisilo na lebo. Alisema inatokana na viazi vikuu, inafanana kabisa na homoni za mwili, na kwa hiyo haina madhara. Nilipaka kwa bidii. Baada ya wiki sita joto lilipungua, nikamshukuru. Mwezi wa nne wa kupaka nikaona damu ikitoka tena ukeni.

Daktari wa wanawake hakunigombeza. Aliagiza ultrasaundi, ambayo ilionyesha kwamba ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi ulikuwa na unene wa milimita 9, wakati kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi na anayetokwa damu, unaozidi milimita 4 unatakiwa kuchunguzwa. Kipande kilichukuliwa na kupelekwa maabara, na siku kumi za kusubiri majibu zilikuwa ndefu kuliko miezi yote ya joto. Haikuwa saratani.

"Mama," aliniambia, "kiazi kikuu kina kemikali ambayo kiwandani hugeuzwa kuwa homoni, lakini mwili wako hauwezi kuigeuza. Kama ukuta umenenepa hivi, huenda kopo lile lilikuwa na estrojeni halisi, yaani homoni ya kike, na hakuna anayejua ni kiasi gani." Estrojeni ikitumika peke yake kwa mwanamke mwenye mfuko wa uzazi hunenepesha ukuta ule, ndiyo maana huambatana na projesteroni, homoni nyingine ya kike inayozuia unene huo. Mimi sikuwa nimepewa ulinzi huo.

Nilimuuliza kama basi homoni zinazofanana na za mwili ni hatari. Alijibu kwamba zipo za aina hiyo zinazotengenezwa viwandani kwa dozi inayopimwa, yaani estradioli, ambayo ni aina ya estrojeni, na projesteroni, na kwamba zile zinazochanganywa kienyeji ni jambo jingine. Mwaka 2020 jopo la wanasayansi la Marekani lilihitimisha kwamba ushahidi wa usalama na ufanisi wa hata michanganyiko ya aina hiyo inayoandaliwa na wafamasia hautoshi. Hofu ya homoni ambayo wengi tunaisikia ilitokana na utafiti mkubwa wa Marekani uliositishwa mwaka 2002, ambao ulitumia estrojeni ya mkojo wa farasi jike pamoja na projestini, yaani dawa ya kutengenezwa inayofanya kazi kama projesteroni, kwa wanawake wenye wastani wa miaka 63. Kati ya wanawake 10,000 waliotumia dawa hizo kwa mwaka, wakilinganishwa na waliopewa dawa bandia, waliopata saratani ya matiti waliongezeka 8, na wa kiharusi 8. Sikuona namba hizo kuwa ndogo, ila ziliniwezesha kuamua nikiwa na akili timamu.

Kabla ya kuniandikia dawa alipima shinikizo la damu, akaagiza picha ya matiti, akauliza kama nimewahi kuganda damu miguuni au kuugua ini. Nikapewa jeli ya estradioli ya kupaka mkononi, kwa sababu kupitia ngozi inaonekana kutoongeza hatari ya damu kuganda kama vidonge vya estrojeni, pamoja na kidonge cha projesteroni cha miligramu 100 kila usiku, ambacho kwa bahati nzuri huleta usingizi. Alinihoji pia kuhusu mzio wa karanga, kwa kuwa baadhi ya vidonge hivyo vina mafuta yake. Kwa mzaliwa wa Dodoma, kunakolimwa karanga, swali hilo lilinichekesha. Jeli niliipata Dar es Salaam baada ya kuhangaika.

Hupaka saa tatu usiku, nikasubiri ikauke, kisha navaa mikono mirefu, maana mjukuu wangu hupenda kunilalia mkononi na jeli inaweza kumpata kupitia ngozi. Joto sasa linanijia mara moja au mbili kwa wiki. Miezi mitatu baadaye ukuta ulipimwa tena, ukawa milimita 3. Wifi naye ameanza kupatwa na joto. Nimempa namba ya kliniki, na kopo lake nimemwomba alipeleke kwa daktari badala ya kulipaka.