Dirisha kwanza, ndoo baadaye: kurudi darasani wakati wa korona

Skuli za Unguja na Pemba zilifungwa Machi 2020. Zilipofunguliwa tena katikati ya mwaka, matayarisho mengi yaliishia getini: ndoo, sabuni na tangazo la barakoa. Ndani ya darasa hapakubadilika kitu, na huko ndiko watoto wanakokaa saa tano.

Maradhi haya huambukiza zaidi kwa pumzi za watu waliokaa pamoja ndani kuliko kwa kushika meza. Kama una saa moja tu ya kutayarisha chumba, imalizie kwenye madirisha. Madarasa yetu mengi yana matofali ya matundu, ila yamezibwa: huku kabati, kule chati za hesabu, juu maboksi ya vitabu vya zamani. Ondoa vyote. Katikati ya mwaka kusi huvuma, basi fungua upande unaoingia upepo na upande wa demani pia, yaani ule unakoelekea upepo, kwani hewa isiyo na pa kutokea haiingii.

Jaribu kwa ubani kabla ya watoto kufika. Weka chetezo katikati ya chumba utazame moshi. Ukielekea dirishani na kutoka, vizuri. Ukining'inia juu ya madawati ya nyuma, hewa imelala pale, na pale asikae mtu mpaka upate njia ya kuitoa. Pangaboi peke yake huzungusha hewa ileile; afadhali feni ya kusimama, iwekwe dirishani upande wa demani ikitazama nje.

Nafasi ni hesabu. Chumba cha mita 7 kwa 9, ukimwachia mwalimu mita 2 mbele na kupanga viti kila mita moja na nusu, huchukua watoto 25 hivi. Darasa la 50 lazima ligawike. Penye mikondo miwili, asubuhi na mchana, hakuna pa kuchomeka wa tatu, kwa hiyo gawa kwa siku: kundi moja Jumatatu na Jumatano, jengine Jumanne na Alhamisi, Ijumaa kwa zamu. Baina ya mikondo acha nusu saa, chumba kipumue na wanaotoka wasisongamane getini na wanaoingia.

Ndoo ya lita 20 huosha watoto 40 ikiwa kila mmoja atatumia nusu lita. Tundu la koki litobolewe vidole viwili juu ya kitako, la sivyo mchanga wa maji ya kisima utaiziba. Kipande cha sabuni kitie ndani ya soksi ukifunge kwenye ndoo. Hakianguki wala hakipotei. Maji machafu yaingie shimo la kokoto. Dimbwi litakuletea mbu.

Dawa ya klorini ya kufutia meza watu huimimina kwa kukisia. Soma chupa: ya asilimia 5, sehemu 1 kwa maji sehemu 49, yaani mililita 200 ndani ya lita 10, ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa 34. Futa kwanza kwa sabuni, kwani uchafu hula klorini. Changanya asubuhi, iliyobaki mwaga jioni, maana joto na jua huimaliza nguvu. Usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi; hutoa gesi ya sumu. Na kumnyunyizia mtoto mwilini ni madhara matupu.

Barakoa ya kitambaa iwe ya tabaka tatu, na mwalimu aje na mbili au tatu kwa siku, kwani ikiloa mate haifai tena. Taabu iko darasa la kwanza: mtoto hatofautishi "tha" na "sa" bila kuona ulimi. Somo hilo lihamishie nje, chini ya mwembe, usimame mbali kidogo na watoto, barakoa umeishusha.

Wiki ya kwanza usifungue mada mpya. Mpe kila mtoto aya moja asome kwa dakika moja, na hesabu tano za mada ya mwisho kabla ya kufungwa. Wapange kwa walichoweza, hata kama wa darasa la nne atakaa na wa la pili kwa kipindi kimoja.